Mikutano ya Wanaoacha Pombe: Muongozo kwa Muislamu wa Kashai na Bukoba

 

Kashai ni kata ya Manispaa ya Bukoba, katika nchi ya migomba. Huko rubisi, pombe ya ndizi, imo katika harusi na matanga ya Wahaya, na gongo haiko mbali. Muislamu anayetaka kuacha anaweza kuikuta nyumbani kwa shemeji yake. Uharamu wake hauna mjadala, Suratul Maida aya ya 90 imeshakata shauri. Makala haya ni ya yule aliyekwishanasa, anataka kutoka, na anaona haya kumwambia hata imamu wake.

Mikutano tunayoizungumzia ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mmoja daktari, waliona kuwa kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia kukaa bila kunywa. Jumuiya yao huitwa Alcoholics Anonymous, na Hatua 12 zake zilichapishwa mwaka 1939. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, wala huulizwi dini. Mtu hutaja jina lake la kwanza, hueleza hali yake, wenzake humsikiliza bila kumkatiza. Asiyetaka kusema hunyamaza. Sisi Zanzibar tunazijua hatua hizi kupitia soba hausi za vijana wanaoacha dawa za kulevya, na wengi wao ni Waislamu wanaoswali jamaa.

Kabla ya mkutano, hospitali. Anayekunywa kila siku kwa wingi asikate ghafla akiwa peke yake. Saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho huanza kutetemeka na kutoka jasho. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hukata usiku wa kuamkia Ramadhani, kwa nia njema kabisa. Aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, aseme ukweli wa kiasi anachokunywa. Dawa ya kutuliza anayopewa na daktari kwa kipimo ni matibabu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Hapohapo hospitalini, kwenye kliniki ya afya ya akili, ndipo pa kuuliza kuhusu kundi la karibu. Miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi ina mikutano, na ipo inayofanyika kwa simu kupitia intaneti, mingi kwa Kiingereza. Mkaazi wa Kashai asisubiri hiyo. Kwa desturi ya jumuiya yenyewe, watu wawili au watatu wenye nia wakikutana wameshakuwa kundi. Chumba cha madrasa baada ya Isha kinatosha, maadamu mlangoni pasisimame mtu wa kuhesabu nani kaingia.

Je, kusema “mimi ni mlevi” mbele ya watu si kudhihirisha maasi? Aliyekemewa katika Hadithi ni anayejitangazia dhambi yake baada ya Allah kumsitiri. Mgonjwa anayeeleza maradhi yake ili atibiwe si huyo. Ila Hatua ya 5 inataka mtu amkiri mwenzake makosa yake. Hapo aseme linalohusu ulevi wake, na mengine, kama zinaa, ayaache baina yake na Mola wake. Hatua ya 9, kuwarekebishia uliowadhulumu, ni haki za waja tunazozijua, nayo ni nzito kuliko wengi wanavyodhani: mshahara ulionywewa ulikuwa chakula cha watoto.

Mkutano ukifanyika ukumbi wa kanisa, kuhudhuria kwa ajili ya tiba kunajuzu. Pakisomwa dua ya Kikristo, anyamaze na aombe yake kimoyomoyo. Wanawake wakipata kundi lao wenyewe ni bora zaidi. Mke wa mlevi naye ana pa kwenda: jumuiya ya Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ni ya jamaa za walevi.

Baadhi huacha swala kabisa kwa kusikia kuwa mnywaji haikubaliwi swala yake siku arobaini. Wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu. Faradhi iko palepale, na akitubia mlango uko wazi. Na maimamu wa Bukoba wakumbuke Hadithi ya Bukhari ya sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja alipomlaani, Mtume (s.a.w) alimkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake.

Wallahu A'lam.