Tepe za Mkono wa Kushoto: Kusoma Vyeo vya Askari katika Picha za Kale

Picha ya Mwafrika aliyevaa kaki na tarbushi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani huandikwa chini yake “askari”, na maelezo yakaishia hapo. Mzungu aliyesimama kando yake hutajwa kwa jina, cheo na hata mji alikozaliwa. Wanaotetea mazoea hayo husema majina yamepotea na picha haiwezi kusema zaidi. Kuhusu majina mara nyingi wana haki. Kuhusu cheo hawana, kwa sababu cheo kimeshonwa kwenye nguo na kinaonekana.

Historia ya jeshi la askari hao inafahamika: afisa Mjerumani Wissmann alilikusanya mwaka 1889 kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, likawa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891. Wasudani walioandikishwa Cairo walikuja na ngazi za vyeo za jeshi la Misri, na ngazi hizo zikabaki: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, na juu yao effendi. Tepe zilikuwa nyekundu, zenye umbo la V, zikivaliwa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Ombasha alikuwa na moja, na idadi ikapanda hadi nne za sol. Effendi alivaa nyota mabegani. Mbele ya tarbushi palikaa tai wa Kaisari. Kuhesabu tepe bila kujua jeshi hupotosha, kwani upande wa Waingereza, katika King's African Rifles iliyoundwa 1902, tepe mbili zilikuwa za koplo na tatu za sajini, ilhali kwa Wajerumani mbili zilikuwa za shaushi. Kwa hiyo kichwa kisomwe kwanza, mkono baadaye.

Kosa linalowanasa hata wachambuzi makini ni rangi. Sahani za kioo na filamu nyingi za zama hizo hazikuhisi mwanga mwekundu, hivyo tepe nyekundu hutokea karibu nyeusi, na kitambaa cha buluu hufifia kikaonekana cheupe. Anayeandika “tepe nyeusi” kisha akabuni kikosi maalumu cha kuelezea weusi huo anaeleza tabia ya kemikali, si ya jeshi. Vilevile sahani ya kioo ikigeuzwa wakati wa kusafisha picha, kushoto huwa kulia. Tepe zikionekana mkono wa kulia peke yake, na vifungo vya koti navyo vimehamia upande usio wake, picha imegeuzwa, na hakuna haja ya kutafuta desturi isiyokuwepo.

Pingamizi zito zaidi linatokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 25 Novemba 1917 kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kiliwashinda Wareno huko Ngomano, karibu na mto Ruvuma, kikajipatia bunduki, risasi na sare. Tangu hapo hadi kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari wa upande wa Wajerumani aliweza kuvaa koti la Mreno. Waingereza nao waliwaandikisha baadhi ya askari waliotekwa. Wapo wanaohitimisha kwamba sare haithibitishi lolote. Hitimisho hilo halifai kuvumiliwa, maana linachukua vurugu ya mwaka wa mwisho na kuitandaza juu ya karibu miaka 30. Gwaride na picha za vikosi zilizopigwa kabla ya 1914 zinatoka katika wakati ambapo sare ilikaguliwa kila siku.

Nishani za kifuani ndizo zinazodai tahadhari ya kweli, na hapa maisha ya Bayume Mohamed Husen yanastahili nafasi kuliko yanavyopewa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, akaingia vitani akiwa mtoto pamoja na baba yake, akafika Berlin mwaka 1929. Huko alidai mishahara yao ya vita, akakataliwa. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa; akainunua kwa mfanyabiashara, akaivaa juu ya sare ya askari katika mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yarudishwe. Alifariki katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Anayeona nishani hiyo pichani na kuandika kwamba serikali ilimtunuku amekosea. Anayemwita mlaghai amekosea vibaya zaidi: vitani alikuwepo kweli, na kifuani mwake aliweka deni ambalo ofisi zilikataa kulikiri. Nishani basi isomwe sambamba na jalada la ofisi, ilhali tepe ya gwarideni, aliyoiona mkuu wake kila asubuhi, inaweza kuaminiwa zaidi.

Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, yenye picha nyingi za koloni zikiwemo za mpiga picha Walther Dobbertin, yenyewe huonya kwamba maelezo ya awali yaliyobakizwa chini ya picha huenda yana makosa au upendeleo. Wahariri na watunza kumbukumbu wetu wasiyanakili kabla ya kuandika kwanza kilicho kichwani, mabegani na mkononi mwa kila mtu pichani. Aliyekuwa sol aandikwe sol.