Wimbo wa Kijasho Chembamba

Wengi wetu, msomaji, hudhani kuwa katika muziki mwimbaji ndiye bwana, na ngoma ni mtumishi wake. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa wimbo mmoja wa Marekani: "Cold Sweat", yaani kijasho chembamba, ambao James Brown aliurekodi mjini Cincinnati mwezi wa Mei 1967.

Wakati huo muziki wa souli ulikuwa umekwisha simama imara. Katika miaka ya 1950, Wamarekani Weusi kama Ray Charles walizitwaa sauti za kanisani wakazitia katika nyimbo za mapenzi. Sauti ya mtu ndiyo iliyobeba kila kitu, vyombo viliifuata.

Brown aliupindua utaratibu huo. Hakuandika noti, alimgunia tu mwanamuziki wake, Alfred Ellis, mlio autakao, na Ellis akaupanga. Usikilizapo wimbo huu utaona kuwa gitaa halipambi sauti, bali hukata mkato mfupi mfupi. Tarumbeta na saksafoni hupiga kama nyundo. Kila chombo kimekuwa ngoma! Katika kila mapigo manne, Brown aliwataka wapigaji waliegemee lile la kwanza. Muziki huo ndio ulioitwa fanki. Nao watu waliupokea: wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Weusi, na ya saba katika orodha ya Marekani nzima.

Katikati ya wimbo Brown aita mpiga ngoma apewe nafasi, na Clyde Stubblefield apiga peke yake. Hata hivyo, walioandikwa kuwa watunzi ni wawili tu, Brown na Ellis. Desturi ya biashara ya muziki ilimtambua mwenye maneno na mwenye sauti ya wimbo. Mwenye mdundo alilipwa ujira wa kazi yake, basi. Kwa maoni yangu hapo pana dhuluma, maana ukiiondoa ngoma katika wimbo huu, husaliwi na wimbo.

Mwaka 1969 Stubblefield alipiga katika wimbo mwingine wa Brown, "Funky Drummer". Tangu miaka ya 1980 vijana wa hipi hopi waliukata mdundo ule wakautia katika santuri zao, nyingi ajabu. Humo pia hakuhesabiwa mtunzi. Alifariki mwaka 2017.