Kilima cha Kasese

Mwaka 1956 njia ya reli itokayo Mombasa, ikapita Nairobi na Kampala, ilifikishwa Kasese, chini ya Milima ya Ruwenzori katika Uganda. Kilichoivuta hadi huko ni shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba hiyo ilichukuliwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, kisha ikateremshwa pwani ikauzwe ng'ambo. Huenda, msomaji, hayo umekwisha kuyasoma katika jiografia. Mimi nataka kukueleza habari za kile kilichoachwa nyuma.

Mawe ya Kilembe hayakuwa na shaba peke yake. Yalikuwa pia na pairiti, yaani chuma kilichoungana na kiberiti, na ndani ya pairiti mlikuwa na kobalti kidogo. Wenye mgodi walikosa njia ya kuitoa kobalti hiyo kwa faida, basi wakairundika pairiti Kasese, mahali pa wazi. Mgodi uliacha kazi mwaka 1982, nacho kilima cha tani zipatazo milioni 1 kikabaki pale, kikinyeshewa mvua.

Sasa angalia. Pairiti ikipata hewa na maji hutoa tindikali, na kuna bakteria wadogo mno ambao huiharakisha kazi hiyo. Kila mvua iliponyesha, maji makali yenye shaba na kobalti yaliteremka katika mbuga ya Queen Elizabeth. Yalipopita majani yalikufa, ikabaki njia ya udongo mtupu, yaelekea Ziwa George. Ziwa hilo lina kina cha wastani kisichofika mita 3. Ngege dume huchimba kiota chake katika tope la maji haba, karibu na ukingo, na jike huyatunza mayai kinywani mwake. Katika tope la ziwa hilo wachunguzi walikuta madini ya mgodi. Walipima na nyama ya samaki, wakaona kwamba bado yafaa kuliwa. Lakini ni nani angengoja mpaka isifae?

Mwaka 1999 kiwanda kilianza kukiondoa kile kilima. Njia yake hunifurahisha kila niifundishapo: wale wale bakteria waliokuwa wakifanya tindikali ovyo mvuani walitiwa katika matangi makubwa, wakaila pairiti humo, kobalti ikatoka, na tindikali ikatulizwa kwa mawe ya chokaa. Kazi ilikoma mwaka 2013, na kilima kilikuwa kimekwisha.

Lakini usifikiri kwamba yote hayo yalifanywa kwa kuwahurumia ngege. Kobalti ilikuwa na bei. Huko juu Kilembe kulikuwa na taka nyingine, mchanga laini uliobaki baada ya mawe kusagwa, mamilioni ya tani, umemwagwa bondeni kando ya mto Nyamwamba. Huo haukuwa na mnunuzi, basi haukupata kiwanda. Mwezi wa Mei 2013, mwaka ule ule kilima kilipokwisha, Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba na kuzoa mchanga huo. Mwezi wa Mei 2020 ulifurika tena, ukaiharibu hata hospitali ya Kilembe. Nao mto huo, ukitoka mlimani, humwaga maji yake katika Ziwa George.