Tonga Ilivyofungua Mlango wa Raga Pasifiki

Mwaka 2028 klabu ya Papua New Guinea itaingia NRL, ligi kuu ya raga ya Australia. Serikali ya Australia imeahidi dola milioni 600 za nchi hiyo kwa miaka kumi, sehemu kwa klabu yenyewe, sehemu kwa kukuza mchezo visiwani. Mawaziri Wakuu Anthony Albanese na James Marape walipoutangaza mpango huo Desemba 2024, mjadala ulihamia mara moja kwenye China, ulinzi na nani mwenye ushawishi Pasifiki. Wachezaji walitajwa kidogo sana. Hilo linauma, kwa sababu wanasiasa wameukuta mlango umeshafunguliwa. Waliofungua ni vijana wenye asili ya Tonga, na kazi kubwa waliimalizia mjini Hamilton, New Zealand, tarehe 11 Novemba 2017.

Msomaji wa Kenya anaijua Fiji kwa raga ya wachezaji saba, hasa tangu Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, walipoichapa 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016. Hapa tunazungumzia raga ya wachezaji 13. Ilizaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, klabu 22 zilipojitenga baada ya wakubwa wa mchezo kukataa vibarua wa migodini na viwandani walipwe fidia ya siku za kazi walizokosa kwa ajili ya mechi. Baada ya miaka kumi na kitu ilikuwa imefika New Zealand na Australia. Kombe la Dunia la kwanza, Ufaransa mwaka 1954, lilikuwa na timu nne tu.

Papua New Guinea iliupata mchezo huu kutoka kwa Waaustralia na ikaufanya wa taifa zima. Mwaka 1990 iliifunga Great Britain, timu ya pamoja ya Waingereza, 20-18 mjini Goroka, huku polisi wakirusha mabomu ya machozi kuuzuia umati uliotaka kuingia uwanjani. Mwaka 1995 Tonga, Samoa na Fiji zilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na Tonga ikaikosa New Zealand kwa pointi moja, 25-24.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi, visiwa viliendelea kuzaa wachezaji na mataifa makubwa yakaendelea kuwavuna. Tonga ina watu takribani laki moja. Wenye asili ya Tonga wanaoishi nje ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Wazazi walihamia Auckland, Sydney na Brisbane kutafuta kazi, watoto wakakulia kwenye viwanja vya huko. Leo karibu nusu ya wachezaji wa NRL wana asili ya Pasifiki. Lakini kijana akiiva, jezi aliyovaa ilikuwa ya Australia au New Zealand, na sababu haikuwa mapenzi peke yake. Mwaka 2017 mechi moja tu kati ya majimbo ya Australia, Queensland na New South Wales, ilimlipa mchezaji dola 30,000 za Australia. Tonga ingempa nini? Kanuni za kimataifa zilikuwa zimelegezwa, aliyechezea taifa kubwa akaruhusiwa kuhamia taifa dogo la asili yake, ila ruhusa hiyo wengi waliitumia baada ya kuachwa na wakubwa. Visiwa vikawa vinapokea makombo.

Jason Taumalolo aliivunja desturi hiyo akiwa kileleni. Alizaliwa Auckland kwa wazazi wa Kitonga. Mwaka 2016 alitwaa kwa pamoja na Cooper Cronk tuzo ya mchezaji bora wa NRL, na mwaka uliofuata alisaini mkataba wa miaka kumi na North Queensland Cowboys, ulioripotiwa kufikia dola milioni 10. New Zealand ilikuwa imejenga mipango yake ya Kombe la Dunia juu ya mabega yake. Oktoba 2017, wiki chache kabla ya mashindano, akasema anakwenda Tonga. Andrew Fifita, aliyekuwa akitegemewa na Australia, naye akajitoa akaenda huko huko. David Fusitu'a, Manu Ma'u na Sio Siua Taukeiaho, ambao wote walikuwa wameivalia New Zealand jezi, walikuwa upande huo huo.

Wapo waliouita uamuzi huo usaliti. Kwa maoni yangu, hakuna usaliti kwa mtu kukataa fedha ili acheze chini ya bendera ya bibi yake. Mitaa ya Watonga mjini Auckland iligeuka nyekundu: bendera kwenye magari, bendera kwenye paa, nyimbo za kanisani barabarani.

Hamilton, Tonga na New Zealand zilikutana kwenye Kombe la Dunia. Kabla ya kipenga, Watonga walicheza Sipi Tau na wenyeji haka, ngoma zao za kivita, uso kwa uso, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Kipindi cha kwanza New Zealand iliongoza 16-2. Ungedhani mambo yamekwisha. Kipindi cha pili Watonga walirudi kama mawimbi: Fusitu'a alifunga trai tatu, na mechi ikaisha 28-22 kwa Tonga. Taifa la daraja la pili lilikuwa limeishinda, kwenye Kombe la Dunia, mojawapo ya timu tatu kubwa: Australia, New Zealand na Uingereza. Wiki moja baadaye New Zealand ilifungwa na Fiji pia, 4-2, ikatolewa nje.

Nusu fainali ya Tonga na Uingereza (England), Auckland, bado inabishaniwa. Uingereza iliongoza 20-0 zikiwa zimebaki dakika chache. Tonga ikafunga trai tatu mfululizo. Sekunde za mwisho Fifita alikuwa akielekea mstarini, mpira ukamtoka mikononi alipokabwa, na mwamuzi akaamua ameuangusha mwenyewe. Ikaisha 20-18. Mashabiki waliandamana wakidai mpira ulipokonywa, na mpaka leo hawajakubali.

Oktoba na Novemba 2019 Tonga iliifunga Great Britain 14-6, kisha Australia yenyewe 16-12 pale Eden Park, Auckland. Cha kusikitisha, ushindi huo ulipatikana chini ya jina la kuazima. Bodi ya raga ya Tonga ilikuwa imemfukuza kocha Kristian Woolf, wachezaji wakasimama naye, shirikisho la kimataifa likaisimamisha bodi, na timu ikaingia uwanjani kama kikosi cha mwaliko. Mwaka 2020 bodi hiyo ilifukuzwa uanachama. Viongozi wa nyumbani nusura waubomoe mlango walioufungua wachezaji.

Samoa ilipita humo humo. Kwenye Kombe la Dunia lililochezwa 2022, nyota wa NRL kina Jarome Luai na Brian To'o waliichagua. Ilianza kwa kuchapwa 60-6 na Uingereza, ikarudiana nayo kwenye nusu fainali jijini London ikashinda 27-26, kwa mkwaju wa Stephen Crichton katika muda wa nyongeza. Fainali ilipoteza kwa Australia, 30-10. Tangu hapo Tonga na Samoa zimealikwa Uingereza kwa mfululizo wa mechi, na michuano ya Pasifiki inachezwa.

Lakini angalieni mechi kubwa za Tonga nilizozitaja tangu 2017: Hamilton, Auckland, kisha Hamilton na Auckland tena. Hakuna hata moja iliyochezwa Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga. Fedha zilizoahidiwa Papua New Guinea ni jambo jema, na mji wake mkuu, Port Moresby, unaistahili klabu yake. Shirikisho la kimataifa sasa lichukue hatua inayofuata: liipeleke Australia ikacheze na Tonga nyumbani kwa Watonga, na mapato ya mlangoni yabaki huko.