Al-Ghazali: mwalimu aliyekosa sauti mbele ya wanafunzi 300

Wandugu, siye wenye diplome tumezoea kuulizwa: "Umesoma nini?" Leo tuongee juu ya mtu aliyejiuliza swali lingine: "Ninafundisha kwa ajili ya nani?"

Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Alisoma kwa al-Juwayni kule Nishapur, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Mwenyewe anasimulia kwamba wanafunzi wake walikuwa 300. Cheo alikuwa nacho, jina pia.

Mwaka 1095 akaanza kujikagua. Akaona nia yake ya kufundisha si safi: alikuwa anatafuta sifa. Karibu miezi sita akavutwa huku na huku. Leo anasema naondoka, kesho anabaki. Mwishowe ulimi ukagoma. Anataka kufundisha, neno halitoki. Hata chakula hakikupita tena. Waganga wakasema ugonjwa umetoka moyoni. Basi akagawa mali, akabakiza ya kulisha watoto, akaacha kiti.

Alikaa Damascus karibu miaka 2. Alikuwa anapanda mnara wa msikiti mkubwa, anajifungia humo mchana kutwa. Baadaye akaenda Yerusalemu, kisha Makka kuhiji.

Alitafuta nini kule juu? Waislamu wanakiita muraqaba: moyo kukaa macho, ukijua kwamba Mungu anauona. Neno hilo lina shina moja na Ar-Raqib, Mwenye kuchunga, jina mojawapo la Mungu. Al-Ghazali hakuwa wa kwanza. Pale pale Baghdad aliishi al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857. Hata jina lake linatokana na muhasaba, yaani kujifanyia hesabu.

Katika *Ihya Ulum al-Din*, kazi yake yenye vitabu 40, al-Ghazali aliweka mambo haya mawili katika kitabu cha 38. Mfano wake ni wa sokoni kabisa. Nafsi yako ni mwenzako wa biashara, na mtaji ni siku zako za kuishi. Asubuhi unapatana naye masharti. Mchana unamchunga: kabla ya kutenda, unauliza tendo hili ni la Mungu ao ni la tamaa. Jioni mnakaa chini, mnahesabu faida na hasara. Kumbe muraqaba si kufumba macho tu. Ni kazi ya kutwa nzima, hata sokoni, hata ofisini.

Na hakubaki mnarani. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, Nishapur. Watu waliona mwalimu amerudia kazi yake ya zamani. Yeye akaeleza kwamba hapana: zamani alifundisha elimu ya kupata cheo, sasa anafundisha ile inayomfanya mtu akiache. Alifariki Tus mwaka 1111.

Wandugu, wengi wetu tunangoja kiti: cha mwalimu, cha ofisi, cha siasa. Kukingoja si kosa, na al-Ghazali hakusema wote tukimbie. Lakini yeye alikipata kwanza, ndipo akajiuliza ni kwa ajili ya nani, na swali likamnyamazisha. Siye ambao bado tunangoja, tuna nafasi ya kujiuliza mapema. Jioni hii, kabla ya kulala, hesabu yako itasema nini?