Kuona Pasipo Kujua

Ewe msomaji, ukishuka mjini kutoka Kangemi au Westlands, ukaingia Kenyatta Avenue, utaziona sanamu tatu zilizosimamishwa mwaka 1928. Ni ukumbusho wa askari na wachukuzi wa Afrika Mashariki walioingizwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Vita hiyo iliacha na fumbo la kitabibu. Huko Uingereza, daktari George Riddoch aliwachunguza askari waliojeruhiwa kisogoni, mahali ambapo ubongo hupokea habari za macho. Macho yao yalikuwa mazima, walakini sehemu ya yale yaliyo mbele yao hawakuiona. Mwaka 1917 aliandika kwamba baadhi yao, kitu kikipita katika sehemu ile ya giza, walitambua mwendo wake, ijapokuwa hawakuweza kueleza umbo lake.

Mwaka 1974 Lawrence Weiskrantz na wenzake wakatoa habari za mtu aliyeondolewa kipande cha ubongo wa kisogoni kwa sababu ya maradhi. Nuru ilipomulikwa upande asioona, alisema haoni kitu. Alipoambiwa abahatishe tu, mkono wake ulielekea karibu na mahali penyewe, mara nyingi kuliko bahati iwezavyo. Alipojulishwa kwamba amepatia, alistaajabu.

Yawezekanaje? Wajua kwamba Waiyaki Way ikifungwa, madereva hupenya vichochoroni. Habari za jicho nazo zina njia zaidi ya moja. Njia kuu iendayo kisogoni ndiyo ituwezeshayo kujua kwamba twaona. Njia ndogo huendea sehemu nyingine za ubongo, zikaongoza mkono pasipo mwenyewe kujua.

Sasa endelea hadi makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Hapo, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi waliosikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani. Mlipuko mkubwa ukaja, vioo vikawapasua macho. Jicho lenyewe likiharibika, njia zote hukatika tangu mwanzo, kubwa kwa ndogo.

Basi upofu si wa namna moja. Ukimwona asemaye haoni akikwepa kiti, usimwite mwongo. Na asiyeweza kukikwepa, usimlaumu kwamba hakujitahidi. Kila mmoja amesema kweli yake.