Waru Ikioza, Usizibe Pua Haraka

Wasee, waru zikianza kutoa maji pale soko la Kitengela, mama mboga anazitupa na sisi tunaziba pua tunapita. Lakini ndani ya ule uozo kuna stori kali ya sayansi, na sisi shuleni hatukuambiwa.

Uozo laini wa waru, vitunguu na kabeji mara nyingi huletwa na bakteria wa kundi ambalo kwa miaka mingi liliitwa Erwinia. Mmoja wao ni Erwinia chrysanthemi, ambaye tangu 2005 anaitwa Dickeya. Silaha yake ni vimeng'enya. Kimoja hukata pektini, ile gundi inayoshikanisha kuta za seli za mmea, na ndiyo pia hufanya jemu igande. Gundi ikiisha, waru inakuwa uji.

Kitu kidogo hivyo unakionaje? Unakifanya kiwe fuwele, unaipiga eksirei, halafu unasoma jinsi miale inavyotawanyika. Mwaka wa 1993 watafiti huko Marekani walichapisha umbo la kimeng'enya hicho. Kumbe kimejizungusha kama springi ya godoro! Protini yenye umbo hilo haikuwa imewahi kuonekana.

Sasa shikilia hapo. Mwaka huohuo lilichapishwa umbo la kimeng'enya kingine cha bakteria huyohuyo: asparajinesi. Hiki ni dawa ya saratani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1953, Kenya ikiwa kwenye Hali ya Hatari, John Kidd huko New York aligundua kwamba majimaji ya damu ya simbilisi huua uvimbe wa saratani kwenye panya. Mwaka wa 1961 John Broome akaonyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa na asparajinesi. Seli za aina moja ya lukemia, ile inayoshika watoto sana, haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha. Zinaitegemea ile iliyo kwenye damu. Kimeng'enya kikiivunja, zinakufa njaa, ilhali seli nyingi nzima zinajitengenezea yao.

Simbilisi hawangetosha, kwa hivyo dawa ikatolewa kwa bakteria wa tumboni, E. coli. Mwili wa mtoto ukiikataa, daktari anaweza kuhamia ile ya Erwinia. Fuwele ilionyesha vipande vinne vinavyofanana vikishikana, na mahali pa kazi ni pale viwili vinapokutana.

Leo asparajinesi iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye famasi, na mzazi kutoka Kajiado hatibu mtoto kwa orodha.

Ndiyo maana mimi nabishana na kila anayesema utafiti wa vitu vidogo ni kupoteza pesa. Bakteria wa kuozesha waru tunao hapa. Tukose maabara na vijana wa kuwachungulia, tutaendelea kununua majibu kwa wengine, kama tutayamudu.

Wewe unaonaje?